Ya Kligman na ya Daktari Wetu wa Ngozi: Barua ya Wazi kwa Kamati za Kupandisha Vyeo

Kwa Waheshimiwa Wenyeviti na Wajumbe,
Kamati za Kupandisha Vyeo vya Wanataaluma,
Vyuo Vikuu vya Tiba na Afya, Tanzania.

YAH: KUWAPIMA WATAFITI WA MAGONJWA YA NGOZI KWA IDADI YA KUNUKULIWA

Waheshimiwa,

 

Mimi ni mkutubi katika chuo kimojawapo cha tiba hapa nchini. Maombi ya kupanda cheo yanapoletwa, jalada linakwenda kwenu, lakini ile karatasi ya mbele hujazwa na mtu wa aina yangu: mwombaji ana makala ngapi, amenukuliwa mara ngapi, fahirisi yake ya h ni ngapi, majarida aliyoandikia yana alama gani. Ni ukurasa mmoja tu. Nyuma yake kuna makala zenyewe, na nimeshaona majalada yakirudi maktaba kamba zake zimefungwa vilevile nilivyozifunga mimi.

Mwaka huu limepita jalada la daktari wa ngozi. Simtaji jina, wala chuo. Ni mtu aliyekaa kliniki na vijijini kuliko alivyokaa ofisini, na aliomba Uprofesa Mshiriki. Majibu yalikuja na sababu ya sentensi moja: athari ya machapisho yake katika ngazi ya kimataifa ni ndogo. Namba iliyotumiwa kusema hivyo niliihesabu mimi, nikaihakiki, na ilikuwa sahihi. Hapo ndipo nilipoona niwaandikie hadharani, maana kama namba sahihi inaweza kutoa hukumu mbovu kiasi hiki, tatizo haliko kwenye hesabu.

Sijifanyi niko katikati. Nina upande, na hoja zangu ni hizi.

1. Namba mnazozitegemea hazikutengenezwa kwa kazi hii.

Ile alama ya jarida, impakti fakta, ni zana yetu sisi wakutubi. Eugene Garfield, Mmarekani aliyependekeza fahirisi ya manukuu mwaka 1955, alihitaji njia ya kuchagua majarida ya kuingiza humo. Maktaba nazo zikaitumia kuamua zilipie jarida lipi na ziache lipi. Hesabu yake ni nyepesi. Chukua idadi ya mara ambazo makala za miaka miwili iliyopita zimenukuliwa mwaka huu, gawanya kwa idadi ya makala hizo. Huo ni wastani wa jarida zima, na wastani wenyewe unabebwa na makala chache zinazonukuliwa mno huku nyingi zikinukuliwa kidogo au zisinukuliwe kabisa. Jarida la saratani la Marekani liitwalo CA lilipata alama zaidi ya 500 kwa mwaka 2020, kwa kuwa ndilo linalochapisha takwimu za saratani za kila mwaka ambazo waandishi wa saratani huzitaja kwenye aya zao za kwanza. Majarida ya juu ya fani ya ngozi mwaka huohuo yalikuwa yanazungukia 10. Sijasikia mtu mwenye akili timamu akisema makala ya saratani ina thamani mara hamsini ya makala ya ngozi, ila jedwali la alama kwenye fomu linasema karibu hivyo.

Fahirisi ya h ni ya juzi. Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, aliipendekeza mwaka 2005: ukiwa na makala 12 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 12, h yako ni 12. Yeye mwenyewe alionya kwamba namba moja haiwezi kutoa zaidi ya makadirio, na kwamba viwango vinatofautiana kati ya fani na fani. Ina kichekesho chake pia. Mtu mwenye makala tano tu, hata kila moja ikinukuliwa mara elfu, h yake haitavuka tano. Mwenye makala 30 za kawaida zinazonukuliwa na marafiki zake atampita mbali.

2. Namba haioni makala ilipatikana vipi, wala iliishia wapi.

Tukiwapima watafiti wa ngozi wa karne iliyopita kwa karatasi yangu ya mbele, Albert Kligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania angepita bila mjumbe hata mmoja kunyoosha mkono kupinga. Aliandika mamia ya makala. Tretinoini, dawa ya chunusi iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1971 kwa jina la Retin-A, inahusishwa na jina lake hadi leo, na ni vigumu kusoma udaktari wa ngozi usikutane naye.

Kazi yake nyingi ilifanyikia gereza la Holmesburg, Philadelphia, kuanzia mwaka 1951 hadi 1974. Wafungwa, wengi wao watu weusi, walipewa vijisenti ili migongo yao ibandikwe vipodozi, dawa na kemikali. Baadhi walipakwa dioksini kwa ajili ya kampuni ya Dow. Kuelezwa barabara wanachopakwa haikuwa desturi. Allen Hornblum aliyaanika hayo katika kitabu chake cha mwaka 1998. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kiliomba radhi mwaka 2021, jiji la Philadelphia likafuata mwaka 2022, na Kligman mwenyewe alikwisha kufa tangu 2010. Wafungwa wale waliozeeka wakitafuta fidia hawamo kwenye hifadhidata yoyote ninayoifungua. Manukuu ya Kligman yamo yote, na radhi zile hazikupunguza hata moja.

Nayaleta hayo kwenu kwa sababu yanatugusa. Mwaka 1975 Kligman na mwenzake Isaac Willis walichapisha fomula ya kufifisha rangi ya ngozi: haidrokwinoni asilimia 5, tretinoini asilimia 0.1 na deksamethasoni, ambayo ni steroidi, asilimia 0.1. Makala hiyo inanukuliwa mpaka leo kila panapozungumziwa melasma, yale madoa ya kahawia usoni. Kwa mgonjwa anayeangaliwa na daktari, kwa muda mfupi, ni tiba halali, na sitaki kumsingizia marehemu mkorogo wa Kariakoo. Lakini haidrokwinoni na steroidi kali ndizo zilizomo kwenye vikopo vingi vya mkorogo vinavyouzwa chini ya meza, na wakati mwingine zebaki, ambayo Mkataba wa Minamata ulitaka vipodozi vyenye zaidi ya sehemu moja kwa milioni viondoke sokoni ifikapo 2020.

Daktari wetu amekuwa akiwapokea watumiaji wa vikopo hivyo. Mashavu yamekuwa membamba mpaka mishipa inaonekana. Viungo vya vidole vimebaki vyeusi wakati mkono mzima umekuwa mwekundu. Michirizi mipana mapajani na kwapani. Kuna wanaopata okronosisi, ambapo haidrokwinoni ileile iliyotakiwa kung'arisha inaacha madoa ya bluu-nyeusi yasiyotoka. Na kuna tatizo la kuacha: mtu akiitupa krimu yenye steroidi siku moja, uso unalipuka, unawaka, hawezi kusimama jikoni wala juani, basi anarudi dukani kununua nyingine. Daktari aliandika makala ya namna ya kumwachisha mgonjwa hatua kwa hatua, akitumia dawa ambazo kweli hupatikana kwenye hospitali ya wilaya. Ilitoka katika jarida la hapa Afrika Mashariki. Waliomnukuu unaweza kuwahesabu kwa vidole. Matabibu walioitoa nakala na kuibandika ukutani kwenye chumba cha matibabu ni wengi kuliko hao, najua kwa sababu wananipigia simu maktaba kuomba ukurasa wa jedwali la dozi, wanasema ule wa kwao umefifia. Simu hizo hazina mahali kwenye fomu yenu.

3. Kazi kubwa ya ngozi katika nchi hii haiandikiki kwenye karatasi yangu.

Kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kilianza mwaka 1992 kwa ushirikiano na International Foundation for Dermatology. Hesabu ya waanzilishi ilikuwa ya watu wanaoijua Afrika: madaktari bingwa wa ngozi hawatoshi na hawatatosha karibuni, kwa hiyo wafundishwe matabibu na wauguzi, warudi wilayani kwao. Wamefundishwa watu kutoka nchi nyingi za bara hili. Hapohapo Moshi ndipo ilipoanza kutengenezwa Kilisun, losheni ya kuwakinga watu wenye ualbino dhidi ya jua. Tabibu aliyetoka pale akilishuku baka lisilo na hisia kuwa ni ukoma, akaanzisha dawa kabla vidole havijakunjamana, hakuna kompyuta inayomwongezea mwalimu wake nukuu moja.

Mwaka 1985 Luande na wenzake walichapisha katika jarida la Cancer uchunguzi wao wa ngozi za watu wenye ualbino Tanzania, wakaonyesha jinsi jua linavyoanza kuiharibu ngozi hiyo tangu utotoni na saratani inavyowakuta wangali vijana. Makala hiyo imebahatika, inanukuliwa. Ila mwalimu anayemhamishia mtoto mwenye ualbino dawati la mbali na dirisha, au mzazi anayemtafutia kofia ya ukingo mpana na shati la mikono mirefu, anaitumia elimu ileile bila kunukuu, kwa sababu haandiki makala. Athari ya utafiti wa tiba inaishia kwa watu wa namna hiyo.

4. Anayenukuu ni mtafiti, na watafiti wengi hawako tuliko sisi.

Uchambuzi wa mzigo wa magonjwa duniani wa mwaka 2010 uliyaweka magonjwa ya ngozi nafasi ya nne kati ya yale yanayotesa bila kuua. Hata hivyo upele, huu wa kujikuna usiku unaolala na familia nzima kitanda kimoja, uliingizwa na Shirika la Afya Duniani kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele mwaka 2017 tu. Sasa fikirini: ugonjwa usiopewa kipaumbele hauna fedha, usio na fedha hauna watafiti, usio na watafiti hauna wa kunukuu. Kumwambia anayetafiti funza kwamba hanukuliwi kama mwenzake wa soriasisi ni kumwadhibu kwa kosa la dunia.

Mtanijibu kwamba mbona utafiti wa upele uliofanyika Fiji ulivuma. Ni kweli, na ni kazi nzuri sana: dawa ya aivamektini ilipogawiwa kwa jamii nzima, upele ulishuka kutoka asilimia 32.1 hadi 1.9 ndani ya mwaka, na matokeo yakatoka katika New England Journal of Medicine mwaka 2015. Lakini jaribio lile lilibebwa na taasisi za utafiti za Australia pamoja na Wizara ya Afya ya Fiji. Mpeni daktari wetu nusu ya nguvu hiyo kwanza, ndipo mumlinganishe.

Hapo sijagusa ada. Majarida mengi yanayosomwa bure hutoza mwandishi maelfu ya dola. Jarida la Nature lilipotangaza ada yake mwaka 2020 ilikuwa yuro 9,500 kwa makala moja. Wala sijagusa kwamba mengi ya majarida yetu hayamo kwenye hifadhidata ya Web of Science. Mtu yuleyule nikimtafuta Google Scholar napata namba, nikienda Scopus napata nyingine ndogo zaidi, na fomu haisemi nitumie ipi. Kuna mwombaji anapanda au anabaki kutegemea mkutubi alifungua ukurasa upi asubuhi hiyo.

5. Hili ni dogo lakini limenichosha: majina.

Mtu anaandika makala yake ya kwanza kwa jina lake na la baba. Baadaye mhariri anaugeuza mpangilio. Kisha anaolewa, au anaongeza jina la babu kama lilivyo kwenye cheti. Hifadhidata inamfanya watu watatu, kila mmoja na h yake ndogo. ORCID, namba ya utambulisho wa mtafiti iliyoanza mwaka 2012, inasaidia kwa anayeitumia, ila makala za zamani lazima ziunganishwe kwa mkono, moja moja, na hakuna aliyepangiwa kazi hiyo.

6. Mkishikilia namba, mtaletewa namba.

Mwaka 1974, katika taasisi ya Sloan-Kettering, New York, mtafiti wa ngozi William Summerlin alikuwa njiani kumwonyesha mkubwa wake panya weupe waliopandikizwa vipande vya ngozi nyeusi. Vipandikizi havikuwa vimeshika kama alivyokuwa akidai. Akatoa kalamu ya wino mweusi mfukoni, akawapaka. Mhudumu wa maabara ndiye aliyegundua, wino ulipotoka kwa spiriti. Siku hizi hakuna haja ya panya: makala zinanunuliwa zikiwa tayari, na mwaka 2023 peke yake makala zaidi ya 10,000 ziliondolewa na majarida duniani, nyingi za mchapishaji mmoja, Hindawi. Vijana wetu wanayaona haya. Wanakuja maktaba kuniuliza, bila aibu, waandike nini kitakachonukuliwa haraka. Mmoja aliacha madaftari ya wagonjwa wa fangasi za kichwani aliyokusanya shule za msingi, akaandika mapitio ya makala za watu wengine kuhusu ugonjwa ambao hajawahi kumtibu mtu nao. Yamenukuliwa vizuri. Madaftari yako kwenye boksi chini ya meza yake.

NINACHOOMBA

(a) Futeni alama ya jarida kwenye fomu. Azimio la San Francisco la kupima utafiti, DORA, lililoandaliwa mwaka 2012 na kutangazwa 2013, linataka hivyo hasa, na taasisi nyingi duniani zimelisaini. Saini pekee haitoshi, fomu ibadilike.

(b) Mwombaji achague kazi zisizozidi tano, na kwa kila moja aeleze kwa nusu ukurasa, Kiswahili au Kiingereza, ilibadilisha nini, wapi, na ushahidi ni upi. Wajumbe wawili wazisome na wasaini kwamba wamezisoma. Saini hiyo ya mwisho ndiyo ombi langu kubwa kuliko yote.

(c) Miongozo ya tiba, mitaala ya matabibu, losheni, na hazina ya picha za magonjwa kwenye ngozi nyeusi vihesabiwe kuwa ni kazi ya kitaaluma. Vitabu vya ngozi vimefundisha vizazi kutafuta wekundu, na kwenye ngozi yetu wekundu huo mara nyingi ni zambarau, kijivu au weusi uliokolea. Malone Mukwende, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari London, alitoa pamoja na walimu wake kijitabu cha picha na maelezo ya dalili kwenye ngozi nyeusi mwaka 2020. Kwa fomu yenu angepata sifuri.

(d) Kama hamwezi kabisa kuyaacha manukuu, mlinganisheni mtu wa ngozi na mtu wa ngozi mwenye miaka ileile kazini, na muandike hifadhidata iliyotumika na tarehe.

(e) Kwenye makala za waandishi wengi, ulizeni mwombaji alifanya nini. Mara nyingi aliyewaona wagonjwa, akawaomba ridhaa kwa lugha yao na kuchukua vipimo anaandikwa katikati, na ncha zote mbili za orodha ni za waliokuja na fedha.

(f) Anayekataliwa apewe sababu za maandishi zinazotaja kazi zake kwa majina, na rufaa yake isikilizwe na angalau mtu mmoja wa fani yake.

Haya yana uzito wake nje ya kuta za vyuo. Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuyafanya magonjwa ya ngozi kuwa kipaumbele cha afya ya jamii. Utekelezaji utahitaji watu wanaojua upele wa Tandahimba unavyosambaa na mkorogo wa Mwanza una nini ndani. Watu hao tunao, wachache. Kliniki za urembo zinawaita kila siku, kwa mshahara ambao chuo hakiwezi kuugusa. Kilichokuwa kikiwabakiza ni heshima ya kazi, na barua za sentensi moja zinaimaliza.

Kwa upande wangu, kuanzia msimu ujao kila karatasi nitakayoijaza itataja hifadhidata, tarehe, na majarida ya mwombaji ambayo hayamo humo. Hilo liko ndani ya uwezo wangu, na sikuhitaji kibali cha mtu.

Muda wa rufaa ya daktari niliyemwelezea haujaisha. Naomba jalada lake liitwe upya, lipewe wasomaji wawili wa fani ya ngozi kutoka nje ya chuo chake, na majibu yatoke kwa maandishi kabla ya kikao kijacho.

Wenu katika kazi,

Mkutubi

Nakala: Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU);
Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH).